Stika Ilisema 24

Beshte yangu alishika Forester mwezi wa pili, 2025. SG5 ya turbo, ya mwaka wa 2005, plate ya KB, nyeusi ti, na ekzosi ya kuamsha watoi wa Umo yote. Alifika base Jumamosi jioni, akapaki kando ya kibanda ya smokie, akashuka mos mos ka msee anashuka ndege. Hakusema kitu. Ulikuwa unaona tu anangoja tuanze sisi.

Tukaanza. Marimu, fiti. Siti, safi. Mziki, maze, besi unaiskia kwa mbavu. Akawasha tena ndio tuskie injini, na kweli ukikanyaga kidogo kulikuwa na ka-sauti fulani kembamba, fiiii, kanapanda na kushuka. "Hiyo ni turbo," akasema, macho imefungwa nusu. Sisi wote tukatingisha kichwa ka watu wamesomea turbo.

Halafu akafungua boneti, juu hakuna Subaru inaonyeshwa watu boneti ikiwa imefungwa, na hapo ndio tukaona stika. Kadogo, kamefifia kiasi, kamebandikwa kwa plastiki nyeusi mbele ya injini. Maandishi ni ya Kijapani, hatukujua hata moja, lakini namba ni namba: 24, 3, 10. Chini yake, 98,200 km.

"Cheki, hiyo ndio taimingi. Msee aliniuzia alinionyesha. Imebadilishwa tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka jana, haijamaliza hata mwaka. Dashi inasoma 131,000. Taimingi ya hii gari ni laki moja. Niko na 67,000 za kuchoma."

Hesabu ilikaa poa. Form ilikuwa wiki chache zikiisha tuteremke Vasha kucheki Safari Rally, na sasa tulikuwa na dinga ya kufikia kwa heshima. Wasee wa Subaru wanaendanga Vasha ka watu wanaenda hija. Si bure: Colin McRae alishinda Safari na Impreza 1997, Richard Burns akarudia na Impreza 2000, na kabla ya hapo Patrick Njiru alikuwa ashaonyesha Wakenya kwamba hata kale ka-Vivio kanaweza kumaliza Safari, 1993. Hizo stori mayut wamezipata kwa wazae wao, hawakuziona, lakini wanazibonga ka walikuwa siti ya nyuma.

Mimi nilinyamaza. Mimi niko na kidonda ya Kinungi.

2024 tulienda Vasha na chali mwingine wa mbogi, na Impreza. Gari ilikuwa inatembea fiti, hakuna taa kwa dashi, hakuna kelele. Tukishuka Kinungi ikanyamaza. Si ile kuzima ya kukohoa-kohoa mafuta ikiisha. Ilinyamaza ka redio imeng'olewa kwa stima. Sukani ikawa nzito, breki ikawa ngumu ka unakanyaga tofali, na nyuma yetu lori inapiga honi. Chali akajikaza, tukafika kando. Akapiga stata.

Hapa ndio nataka uskie vizuri, juu hii sauti sijawahi kuisahau. Injini ya kawaida ukiipiga stata inasukumana na kitu ndani, unaskia ruu, ruu, ruu. Hii ilizunguka laini, mbio, bila kupingwa na kitu yoyote, ka cherehani imeachwa bila kitambaa. Akapiga tena. Wasee wa boda wakakuja na madawa yao: ni plagi, ni pampu ya mafuta, ni betri. Kwa kila dawa akapiga tena stata. Lazima alifikisha mara kumi na kitu.

Gari ilirudi Nai juu ya bredauni. Fundi alifungua hedi zote mbili, akatoa valvu, zote 16, akazipanga juu ya gazeti. Kwa macho zilikuwa sawa. Akazibingirisha moja moja juu ya kioo, na hapo ukaona zinavyorukaruka, vichwa vinayumba ka mlevi. Bili ilipita 90,000, na huyo chali hadi wa leo anapanda mathree. Fundi alimwambia kitu ilimuuma kuliko bili: labda zingine zilipindia hapo barabarani, lakini zingine ulizipinda mwenyewe na stata.

Sasa hiyo taimingi ni nini, juu kuna wasee wamemiliki gari miaka tano na wanadhani ni kitu ya kompyuta. Ni mkanda wa raba wenye meno, ndani yake kuna nyuzi za glasi zinazoushikilia usinyooke. Unaunganisha krankshafti, ile inazungushwa na pistoni, na kamshafti, ile inafungua valvu. Krank ikizunguka mara mbili, kamu inazunguka mara moja, hivyo hivyo, bila kukosea. Ukiwa rev ya 3,000, krank iko mara 50 kwa sekunde moja, na kila valvu inafunguka na kufungwa mara 25 kwa hiyo sekunde. Valvu ikitoka, pistoni inaingia. Ni ka wasee wawili wako na haraka wanatumia mlango moja mwembamba na hakuna mwenye anaangalia mwenzake. Kila mmoja anaamini mkanda. Mkanda ukikatika, kamu inasimama, valvu zingine zinabaki zimechungulia ndani, na pistoni bado inakuja.

Wajerumani ndio walianza hii ya raba kwa gari za kuuzwa kwa wingi, Glas 1004, 1962. Kabla ya hapo ilikuwa cheni ama gia. Raba ilishinda juu ni nyepesi, ni bei ya chini na haipigi kelele. Hiyo ya mwisho ndio shida. Kitu haipigi kelele hatuiwekei budget. Nimeona chali amelipa 45,000 za marimu na hajui ka gari yake iko na belti ama cheni.

Basi wacha tuipitie hiyo haraka, kabla msee aanze kutoka jasho bure. Vitz, Probox, Fielder, Axio, hizo za familia ya NZ: cheni. Note na Tiida za HR15: cheni. Forester SJ: cheni. Forester SG ni belti, na SH ukague, juu kuna za EJ zenye belti na kuna za FB zenye cheni. Na usidhani cheni ni uzima wa milele. Ukikaa na oili chafu mwaka mzima inanyooka na kuanza kugongagonga ka inakuitisha deni. Lakini kwa kawaida haikati ghafla kwa Kinungi.

Kwa zile za belti kuna za huruma na kuna za roho chafu. Corolla 100, mia na kumi, Carina, Premio ile ya kwanza, zenye injini za 4A, 5A na 7A, hizo zinajulikana kwa kusamehe. Pistoni na valvu hazifikiani. Belti ikikata unazimikiwa, unatukanwa na makanga, unavutwa na kamba, unavaa belti mpya, unawasha, unaenda. Ndio maana kuna mzae wa teksi atakuapia kwamba taimingi ni stori za jaba, yeye alikatikiwa mara mbili na hakuna kitu ilifanyika. Mwambie ajaribu na hiyo hiyo Premio ya kwanza ikiwa ya D4, ama na Subaru ya EJ ka hii yetu, ama na dizeli ya belti. Zile Hiace za shark, Prado za 1KZ na 1KD, zote ni belti. Hizo Toyota za dizeli hata ziko na adabu, zinakuwekea taa ya T-BELT kwa dashi kilomita zikifika. Wenye gari wengine wanafanyaje? Wanaambia fundi azime taa. Belti inabaki ile ile.

Turudi kwa stika. Jumatatu mangware nilimshow beshte twende Kario Light kwa mzae mmoja, kucheki tu, haitamla kitu. Alikubali juu alikuwa anataka mzae aone gari.

Mzae ni wa zile enzi za kabureta. Hakuangalia marimu. Alisimama mbele ya boneti, mikono nyuma, akasoma stika, akasoma plate, akarudi kwa stika.

"Kijana, hii gari iliingia Kenya lini?"

"2012, mzae. Mwishoni."

"Na hii stika ni ya lini?"

"Mwaka jana."

"Imeandikwa lugha gani?"

"Kijapani."

Mzae akanyamaza kidogo, ka mwalimu anangoja darasa lijicheke lenyewe. "Kwa hivyo Mjapani alipanda ndege mwaka jana akakuja Umoja kukubandikia stika."

Mimi nilikuwa nishaanza kucheka kabla sijaelewa. Mzae akatueleza. Wajapani wako na kalenda yao, miaka inahesabiwa na mfalme. Mfalme mpya akikalia kiti, hesabu inaanza moja. Heisei ilianza 1989, kwa hivyo ukiona 24 unaongeza 1988. Inakuja 2012. Reiwa ilianza 2019, hiyo unaongeza 2018. Kwa hivyo stika ya kweli ya mwaka jana ingeandikwa 6. Hiyo 24 haikuwa mwaka jana. Ilikuwa tarehe 10 mwezi wa tatu 2012, gari ikiwa bado Japan, mwenyewe akiwa ameibadilishia taimingi kwa laki moja ka mtu mwenye nidhamu. Miaka kumi na tatu kasoro kitu wiki tatu.

Beshte alitafuta mahali pa kushika. Akashika kilomita. "Sawa, lakini imetembea 33,000 tu tangu hapo. Laki moja bado."

"Gawa," mzae akasema.

Tukatoa simu. 32,800 gawanya kwa 13, gawanya tena kwa 365. Karibu kilomita 7 kwa siku. Kwenda na kurudi. Miaka 13, Nairobi, turbo, na gari ilikuwa haifiki hata tao. Hapo hata beshte hakubishana. Mtu mahali fulani alirudisha dashi nyuma, na hakuna haja ya kumtafuta, alishaenda.

Hii ndio kitu nilitoka nayo Kario, na ndio maana naandika: belti haisomi dashi. Hata ka dashi ingekuwa inasema ukweli, belti inazeeka ikiwa imepaki. Raba inakauka na joto ya injini, inaliwa na oili ikidondokewa, na ukiwa umekwama Jogoo Road saa moja na nusu, kilomita zimeongezeka nne lakini mkanda umezunguka saa moja na nusu kamili, kwa joto, bila upepo. Ndio sababu vitabu vya gari vinaandikanga vitu mbili, umbali na muda, na chenye kimefika kwanza ndicho kinahesabika. Subaru upande wa Marekani waliandika hizi injini za EJ maili 105,000 ama miezi 105. Miezi 105 ni miaka 8 na miezi 9. Sasa weka hiyo kando ya sheria ya hapa kwetu, kwamba gari ya mtumba lazima iingie kabla haijapitisha miaka 8. Msee anangoja bei ishuke, anachukua ile ya miaka 7 na kitu, inakaa baharini, inakaa bandari, inakaa yadi. Siku anapewa funguo, ka belti ni ile ya kiwanda, imebakisha miezi kadhaa tu. Na huyo anaiita gari mpya.

So ukiniuliza taimingi inabadilishwa lini, kwa gari ya mkono wa pili, wa tatu, ama huu wa beshte wa tano, jibu ni wiki ile umenunua. Isipokuwa uko na risiti yenye tarehe unayoielewa. Maneno ya msee anauza si risiti. Na si ati ufungue kifuniko uangalie ka imepasuka. Za zamani zilikuwa zinapasuka vizuri, unaona. Za siku hizi raba yake ni ngumu zaidi, inaweza kuwa imechoka na bado inang'aa.

Ya beshte hata haikuwa ya kujificha. Mzae alitoa feni, akafungua ile bolti ya puli ya krank, namba 22, halafu zile za kumi za vifuniko, baada ya dakika kumi za kutafuta soketi ya kumi, juu hakuna gereji duniani inajua soketi yake ya kumi iko wapi. Mkanda ukatokea. Mgongoni ulikuwa umelainika ukawa na mng'ao ka kiatu cha mwalimu. Ubavuni nyuzi zilikuwa zimeanza kutoka, nywele-nywele. Na upande moja ulikuwa na unyevu mweusi. Sili ya kamu ilikuwa inavuja pole pole juu yake, sijui tangu lini.

Halafu akashika puli moja ya kuelekeza mkanda, ile wanaitanga aidla, akaizungusha na kidole. Ikaenda. Ikaendelea kwenda. Inalia fiiii. Mzae akaniangalia, mimi nikaangalia beshte, beshte akaangalia chini. Aidla nzuri iko na grisi ndani, ukiizungusha inasimama upesi. Hii ilikuwa imekauka kabisa. Turbo yenyewe haikuwa na makosa, maskini. Hatukuwa tumeiskia hata siku moja.

Ndio maana mkanda haubadilishwi peke yake. Aidla moja ikishika, mkanda mpya unakatika ka wa zamani tu. Kwa hii injini hata pampu ya maji inazungushwa na huo mkanda, kwa hivyo ukiiacha na ivuje mwaka ujao, unalipa kazi yote tena. Tulienda Grogan kununua spea, na list: mkanda, tenshena, aidla tatu, pampu, sili za kamu na ya krank. Duka ya kwanza walitupa kasha safi sana, mzae alikuwa ametushow tusugue maandishi ya mgongo wa mkanda na kidole. Yakatoka. Tukarudisha kasha, tukasema asante, tukahepa. Ya tatu ndio tuliridhika. Spea zote 18,000, mzae 5,000. Beshte alilipa akihema ka mtu anatolewa jino, na nikamkumbusha bei ya ile spika iko nyuma.

Kurudisha ndio kazi yenyewe. Hii ya turbo iko na kamu nne, na za upande moja zinavutwa na springi za valvu. Ukikosa kuzishika zinaruka zenyewe, na zikiruka vibaya valvu zinaweza kugongana hata kabla uwashe. Mzae aliweka alama kila puli na ile rangi nyeupe tulikuwa tunafutia makosa shuleni. Kwa gia ya krank kuna mshale umechorwa, unaonekana wazi kabisa, unakuita. Si huo. Alama ya ukweli ni ka-mfereji kadogo nyuma yake, kwenye jino. "Huu mshale umenilisha mimi miaka mingi," mzae akasema, na alimaanisha wale wateja wanaletwa wakivutwa na kamba baada ya fundi mwingine kuuamini.

Tenshena aliibana kwa vaisi, mos mos kabisa, karibu dakika tano, hadi akapata tundu la kupitisha kipini. Ukiibana kwa haraka unaiua ndani na haitakuambia. Mkanda ukaingia, kipini kikatolewa, ukajikaza. Halafu hakuwasha. Alizungusha injini kwa mkono na spana, raundi mbili nzima, polepole, anaskiliza mkono wake ka daktari. Alama zote zikarudi mahali pake. Hapo ndio alimshow beshte aingie.

Ilishika mara ya kwanza. Nikangoja ile fiiii. Haikuwa. Kulikuwa tu na ule mngurumo wa Subaru, mzito, wa kujikokota, na beshte alikanyaga kidogo, akakanyaga tena, akiitafuta sauti yake. Uso wake ulikuwa katikati ya furaha na matanga.

Kabla tutoke mzae alimpa kalamu ya kuandikia plastiki na kipande cha stika nyeupe. "Andika mwenyewe. Na mwaka uandike wote."

Akaandika tarehe, mwezi, 2025, yote nne. Chini akaandika 131,214 km. Akaiangalia kidogo, akaongeza alama ya kuuliza mwishoni, akafunga boneti.